Upana wa upinde wa meno baada ya kuvaa waya: kisa cha msichana kutoka Rungwe

Msichana wa miaka 13, mwanafunzi wa kidato cha kwanza kutoka Wilaya ya Rungwe, aliletwa na mama yake kwenye kliniki ya kinywa na meno jijini Mbeya kwa malalamiko mawili. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe: chonge ya juu upande wa kushoto ilikuwa imeota juu ya mstari wa meno mengine, ikawa inaonekana kila anapocheka, na wenzake shuleni walikuwa wakimtania. La pili lilikuwa la mama, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa ameona kwamba mtoto anapofunga mdomo ili atafune, kidevu kinakwenda upande. Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinagusa swali ambalo wazazi hawaachi kutuuliza, yaani kama waya wa meno unaweza kulipanua taya kiasi cha kumwepusha mtoto na kung'olewa jino, na pia kwa sababu vipimo vya upinde wake, yaani mstari uliopinda ambao meno hujipanga kwenye taya, vilichukuliwa kabla ya matibabu, katikati yake, siku nyaya zilipotolewa na mwaka mmoja baadaye. Mama na binti waliridhia kisa kiandikwe. Jina, kijiji na shule vimeachwa.

Hali aliyokuja nayo

Afya yake kwa ujumla ilikuwa njema, na meno yote ya kudumu yalikuwa yameshaota isipokuwa magego ya mwisho. Nilimuuliza mama kama mtoto alipokuwa mchanga aliwahi kutolewa "meno ya nailoni", swali ambalo silikosi kwa mgonjwa yeyote ambaye upinde wake umeegemea upande mmoja. Wasomaji wengi wanaijua desturi hiyo: mtoto mwenye homa au anayeharisha huchokonolewa fizi na kuondolewa vichipukizi vya chonge za utotoni kwa imani kwamba ndivyo vinavyomsumbua. Kinachojulikana na wachache ni kwamba chonge ya kudumu iliyo chini ya kichipukizi hicho inaweza kuota ikiwa imeharibika au isiote kabisa, na meno ya mbele yakahamia kwenye nafasi iliyobaki wazi, upinde ukafupika upande mmoja. Mama alisema kwamba jirani aliwahi kumshauri hivyo lakini mama mkwe wake alikataa katakata. Picha ya eksirei ilithibitisha: chonge zote nne za kudumu zilikuwa na umbo kamili. Mtoto alikuwa pia na mafua ya mara kwa mara na alilala mdomo wazi, kwa hiyo alipelekwa kwa daktari wa pua, koo na masikio akatibiwa mzio. Uhusiano kati ya kupumulia mdomoni na wembamba wa taya la juu bado unabishaniwa, nami sikuegemeza uamuzi wowote juu yake.

Jambo lenye uzito zaidi lilionekana alipofunga mdomo. Alipouma kama alivyozoea, magego ya juu ya kushoto yaliangukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje, huku upande wa kulia ukionekana wa kawaida. Mtu angesema upande wa kushoto ndio mwembamba. Hata hivyo, nilipomshika kidevu na kumwongoza afunge polepole, mstari wa katikati wa meno ya chini ukiwa chini ya ule wa juu, meno ya pande zote mbili yalikutana ncha kwa ncha kwa wakati mmoja. Hakuna anayeweza kutafuna akiwa amesimamisha ncha juu ya ncha. Taya la chini liliteleza milimita 2 kuelekea kushoto likapata pa kukaa, na hapo ndipo kidevu kilipohama kama mama alivyosema. Kwa maneno mengine, upinde wa juu ulikuwa mwembamba pande zote mbili kwa kiasi karibu sawa, na kilichoonekana kama ugonjwa wa upande mmoja kilikuwa ni namna ya mtoto kuukwepa wembamba huo. Tofauti hii hubadilisha matibabu yote, kwa sababu anayeiamini picha ya mdomo uliofungwa atavuta meno ya kushoto peke yake na kuyaharibu ya upande huo bila kulirudisha taya katikati.

Meno yalikuwa yamepandana. Upinde wa juu ulipungukiwa nafasi ya takriban milimita 6, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa kwenye chonge ya kushoto. Wa chini ulipungukiwa milimita 3. Meno ya mbele ya chini yalisimama wima, na fizi zake zilikuwa nene na zenye afya, jambo ambalo nitalirudia.

Kupima, na kupima kwa kulinganisha na nini

Alama za meno zilichukuliwa kwa alijineti, zikamiminwa plasta, na modeli zikapimwa kwa kalipa ya venia, kifaa cha kupimia umbali mdogo. Kila umbali ulipimwa mara mbili kwa siku tofauti na wastani ukachukuliwa. Tofauti iliyo chini ya milimita 0.3 kati ya modeli moja na nyingine sikuihesabu kuwa badiliko, kwa kuwa mkono wa mpimaji wenyewe huweza kuileta.

Kabla ya matibabu, umbali kati ya ncha za nje za magego madogo ya kwanza ya juu ulikuwa milimita 37.0. Kati ya ncha za ndani za mbele za magego makubwa ya kwanza ya juu ulikuwa pia 37.0. Kati ya chonge za chini ulikuwa 25.5, kati ya magego madogo ya kwanza ya chini 32.5, na kati ya mabonde ya katikati ya magego makubwa ya kwanza ya chini 40.5. Chonge za juu zilitoa 35.0, namba ambayo haifai kuaminiwa hata kidogo: chonge ya kushoto ilikuwa imeota nje ya mstari, kuelekea shavuni, kwa hiyo umbali kutoka ncha hadi ncha uliufanya upinde uonekane mpana kuliko ulivyo.

Sasa, namba hizo zilinganishwe na nini? Vitabu vya taaluma hii vina majedwali ya wastani, na mengi kati ya hayo yalitokana na watoto wa Marekani na Ulaya wenye asili ya Kizungu. Utafiti wa Kimarekani uliochapishwa mwaka 2000, uliolinganisha pinde za juu za Wamarekani weusi na weupe, uliona kwamba za weusi ni pana zaidi kwa kiasi kinachoonekana wazi. Mtoto wa Rungwe akipimwa kwa jedwali la Wazungu anaweza kuambiwa kwamba upungufu wake ni mdogo, ilhali mdomoni mwake mwenyewe ni mkubwa. Nyaya za upinde zinazouzwa zikiwa zimekwisha kukunjwa kiwandani zina tatizo la aina hiyo hiyo, kwa kuwa umbo lake ni la mtu wa wastani asiyekuwepo kwenye kiti chako.

Kipimo ninachokiamini ni taya la chini la mgonjwa mwenyewe. Meno yakiumana sawasawa, ncha ya ndani ya mbele ya gego kubwa la juu hukaa ndani ya bonde la katikati la gego la chini, kwa hiyo umbali kati ya ncha hizo juu unapaswa kulingana na umbali kati ya mabonde hayo chini. Kwa binti huyu juu palikuwa na 37.0 na chini 40.5. Upungufu ulikuwa milimita 3.5, chini kidogo ya milimita 2 kila upande, na huo ndio uliokuwa ukimfanya asimame ncha kwa ncha. Hapakuhitajika jedwali la mtu mwingine.

Swali la kung'oa

Kliniki yetu hutembelewa na daktari bingwa wa kupanga meno anayetoka Dar es Salaam, na mpango wa matibabu uliamuliwa pamoja naye. Mama alikuja akiwa na msimamo. Alikuwa ameona kwenye simu tangazo la aina fulani ya brakiti (vishikizo vidogo vya waya vinavyogandishwa kwenye meno) zinazojifunga zenyewe, zinazosemekana kupanua taya bila kung'oa, na alikuwa amesikia kwamba anayeng'olewa magego madogo uso wake hunywea na tabasamu lake huwa na giza pembeni. "Daktari, mwanangu asing'olewe jino zima," alisema, na hilo halikuwa ombi la kupuuzwa.

Nilimjibu sehemu kwa sehemu. Kuhusu brakiti, majaribio yaliyolinganisha zinazojifunga zenyewe na zile za kawaida zinazofungwa kwa vijipira yamekuwa yakionyesha upanuzi unaokaribiana sana; kinachopanua ni waya na umbo lake, na brakiti ni mlango tu wa kuufikishia waya jino. Kuhusu kung'oa, hofu ya upinde kunywea haithibitishwi na kalipa. Magego madogo yakitolewa, chonge husogezwa nyuma hadi mahali ambapo upinde ni mpana zaidi, na umbali kati yake kwa kawaida huongezeka kidogo. Magego makubwa husogea mbele hadi sehemu nyembamba, na umbali kati yake hupungua. Anayepima gego na gego ataona upungufu na kushtuka, lakini anayepima upana mahali palepale, kwa kina kilekile kutoka meno ya mbele, ataona kwamba upinde haukunywea. Watafiti walioupima upinde kwa njia hiyo kwa wagonjwa waliong'olewa na wasiong'olewa hawakuona kwamba waliong'olewa wana tabasamu jembamba.

Mjadala huu una umri mkubwa. Edward Angle wa Marekani, aliyeiasisi taaluma hii na kuianzisha mwaka 1928 brakiti yenye mfereji wa mstatili ambayo vizazi vyake tunavitumia hadi leo, alishikilia kwamba kila mtu anastahili kubaki na meno yake yote na kwamba mfupa utayafuata meno yakipanuliwa. Mwanafunzi wake Charles Tweed aliifuata njia hiyo kwa miaka, akaona meno ya wagonjwa wake yakirudi kupandana na midomo ikitokeza, akaanza kuwarudia wagonjwa hao hao kwa kuwang'oa magego madogo manne. Ninavyoona mimi, wote wawili walikosea walipotaka kanuni moja iwafae wagonjwa wote.

Kwa binti huyu mambo matatu yalituelekeza kwenye kupanua bila kung'oa. Kwanza, upungufu wa upana ulikuwepo kweli na ulipaswa kusahihishwa kwa vyovyote vile kwa ajili ya kuumana, hata kama meno yasingekuwa yamepandana. Pili, magego yake makubwa ya juu yalikuwa yameinamia ndani. Hili lilipimwa kwa kuangalia umbali wa pili, ule wa kwenye ukingo wa fizi upande wa kaakaa kati ya gego na gego, ambao ulikuwa milimita 34.0. James McNamara, ambaye kipimo hicho kinahusishwa naye, aliandika kwamba upinde wenye 36 hadi 39 kwa kawaida hubeba meno bila kupandana, na kwamba ulio chini ya 31 unahitaji upanuzi wa mfupa. Binti alikuwa katikati, akikaribia zaidi upande wa wenye nafasi. Wembamba wake kwa hiyo ulikuwa zaidi wa vichwa vya meno kuliko wa mfupa, na jino lililoinamia ndani likisukumwa nje linasimama wima, wakati lililokwisha kuinamia nje likisukumwa zaidi linatoka nje ya mfupa. Kama magego yake yangekuwa yameegemea mashavuni, tungezungumzia kipanuzi cha skrubu kinachoufungua mshono wa kaakaa, ambacho mara nyingi huzungushwa robo mzunguko, yaani takriban robo milimita, kila mara, na kinachofanya kazi vizuri zaidi kabla mshono huo haujashikamana. Tatu, fizi nene na meno ya mbele yaliyosimama wima vilitupa nafasi ya kuyalaza meno hayo mbele kidogo bila kuhatarisha mfupa mwembamba wa nje.

Hesabu ya nafasi ilifanyika kabla ya brakiti hata moja kugandishwa. Wataalamu wa Marekani waliopima wagonjwa waliopanuliwa kaakaa waliandika mwaka 1990 kwamba mzingo wa upinde huongezeka kwa takriban 0.7 ya upana ulioongezeka kati ya magego madogo ya kwanza. Tulikusudia milimita 5 mahali hapo, ambazo zingetoa nafasi ya 3.5 hivi. Milimita 2.5 zilizobaki zingetokana na kuyasogeza meno ya mbele ya juu zaidi kidogo ya milimita 1, kwa sababu kila milimita ya kwenda mbele hutoa karibu milimita 2 za nafasi, moja kila upande. Mzazi anayedhani kwamba upanuzi wa magego ya nyuma ndio unaotoa nafasi kwa meno ya mbele huwa anashangaa hapa: upana wa nyuma kabisa hutoa nafasi ndogo mno kwenye mzingo.

Nyaya zilivyofanya kazi

Brakiti za kawaida zenye mfereji wa inchi 0.022 ziligandishwa juu na chini. Juu ya magego makubwa ya chini tuliweka vilima vidogo vya saruji ya meno ya rangi ya bluu ili ncha zisigusane na taya liwe huru kurudi katikati, maana hakuna waya unaoweza kulisukuma jino lililofungwa na jino jingine kila mgonjwa anapomeza mate. Kwa wiki mbili za kwanza binti alikula uji, ndizi zilizopondwa na parachichi, kisha akazoea.

Waya wa kwanza ulikuwa wa nikeli na titani, mviringo, unene wa inchi 0.014, ukafuatiwa na wa 0.018 na kisha wa mstatili. Madini haya yana tabia ya kurudia umbo lake kwa nguvu ndogo isiyokatika, na nguvu ndogo isiyokatika ndiyo mfupa huipenda: upande jino linakoelekea seli hula mfupa, upande linakotoka seli nyingine hujenga, na jino hupita humo polepole. Chonge ya kushoto haikufungwa kwenye waya mara moja. Kama ingevutwa chini kabla ya nafasi yake kupatikana, ingelisukuma jino la jirani kwa ndani na kulivuta gego dogo la kwanza juu.

Modeli ya katikati ilichukuliwa mwezi wa nane wa matibabu, mwishoni mwa hatua ya nikeli na titani. Magego madogo ya kwanza ya juu yalikuwa yameshafika 40.5 kutoka 37.0, lakini magego makubwa yalikuwa 38.0 tu kutoka 37.0. Ndivyo nyaya laini zinavyofanya: hupanua zaidi eneo la magego madogo, ambako mizizi ni midogo na waya una umbali mrefu wa kunyumbuka, na hulifikia gego kubwa zikiwa zimechoka. Chini, magego madogo yalikuwa 34.0. Chonge za chini zilikuwa 26.5, milimita moja zaidi ya zilivyoanza, na hili ndilo lililonishughulisha kuliko namba nyingine zote kwenye modeli ile.

Umbali kati ya chonge za chini ndio upana mkaidi kuliko wote mdomoni. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa waya huanza kupungua polepole baada ya chonge za kudumu kuota, na kwa aliyepanuliwa hapo huwa unarudi karibu na ulipoanzia, meno ya mbele yakiulipia kwa kupandana upya. Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha mwaka 1981 matokeo ya wagonjwa waliong'olewa magego madogo ya kwanza na kufuatiliwa angalau miaka kumi baada ya kuacha ritena, yaani kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka: waliobaki na mpangilio wa kuridhisha wa meno ya mbele ya chini walikuwa chini ya asilimia 30, na umbali wa chonge ulikuwa umepungua kwa wengi wao. Ikiwa hata waliong'olewa walirudi hivyo, aliyepanuliwa chonge bila sababu hana cha kutumainia.

Kwa hiyo tulipoingia kwenye waya wa chuma cha pua wa inchi 0.019 kwa 0.025, waya wa chini haukuwekwa kama ulivyotoka kwenye pakiti. Ulilazwa juu ya modeli ya kwanza kabisa, ile ya kabla ya matibabu, ukakunjwa kwa koleo hadi ukalala sawasawa juu ya chonge mbili za plasta, ukafunguliwa kidogo kuanzia kwenye magego madogo kurudi nyuma. Waya wa juu ulikunjwa kwa kuufuata wa chini, ukiwa mpana kuliko huo kwa takriban milimita 3 kuzunguka kote, kisha ukapanuliwa zaidi nyuma kwa makusudi. Tuliupinda pia ili usukume mizizi ya magego ya juu kwa nje, kwani bila hivyo vichwa hutoka peke yake na ncha za ndani huning'inia chini na kuuachanisha mdomo. Vifungo vidogo viligandishwa upande wa ndani wa magego ya juu, na binti akavaa usiku na mchana mipira midogo inayovuka kutoka kwenye vifungo hivyo hadi upande wa nje wa magego ya chini. Aliivaa kwa uaminifu ambao watu wazima wengi hawana.

Kikwazo kimoja kilionekana kwenye vipimo. Msimu wa mahindi mabichi alikuwa likizo nyumbani, na brakiti ya gego dogo la kwanza la juu kushoto ilibanduka kwa hindi la kuchoma lililoguguniwa kwenye gunzi. Nauli, mvua na shughuli za shamba viliwazuia kuja Mbeya mapema, na jino hilo lilikaa wiki kadhaa nje ya waya. Lilibaki nyuma ya mwenzake wa kulia kwa takriban milimita 1, na ililazimu kurudi kwenye waya laini kwa muda ili kulifikia. Hindi lenyewe halikatazwi kwetu. Tunamwambia mgonjwa alipukuchue ndipo atafune.

Vipimo vya mwisho na vya mwaka uliofuata

Nyaya zilitolewa mwezi wa 22. Kidevu kilikuwa kimesimama katikati tangu muda mrefu kabla ya hapo, na mistari ya katikati ya meno ya juu na ya chini ilikutana bila taya kuteleza. Magego madogo ya kwanza ya juu yalifika 42.0, ongezeko la milimita 5.0. Ncha za ndani za magego makubwa ya juu zilifika 41.5, ongezeko la 4.5, tukiwa tumezidisha kwa makusudi nusu milimita kupita mabonde ya chini, ambayo yalikuwa 41.0. Magego madogo ya chini yalikuwa 34.5, na chonge za chini 26.0, nusu milimita tu kutoka zilipoanzia.

Chonge za juu zilikuwa 34.5, yaani zimepungua kutoka 35.0, katika upinde ambao umepanuka kila mahali pengine. Anayesoma namba hiyo peke yake atasema kwamba waya uliubana upinde. Kilichotokea ni kwamba chonge iliyokuwa nje iliingizwa kwenye mstari, na umbali wa uongo ukawa umbali wa kweli.

Namba inayosema mengi zaidi ni ile ya ukingo wa fizi. Kati ya magego makubwa ya juu, upande wa kaakaa, umbali uliongezeka kutoka 34.0 hadi 35.5, milimita 1.5, wakati ncha za meno hayo hayo zilikuwa zimeachana kwa 4.5. Theluthi moja ya upana ilipatikana kwa jino kusogea zima zima au karibu na hivyo. Theluthi mbili zilipatikana kwa jino kugeuka kwenye mzizi wake, kama nguzo za uzio zilizosukumwa vichwani huku mashina yamebaki ardhini. Kwa magego yaliyokuwa yameinamia ndani, kugeuka huko kulikuwa ndiko kusimama, kwa hiyo sioni haya kuuita upanuzi halali. Kwa mgonjwa ambaye magego yake yalianza wima, namba hizi hizi zingenitia wasiwasi na ningeziangalia fizi za upande wa shavu kwa miaka.

Upande wa chini ulibandikiwa waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, kutoka chonge hadi chonge. Juu alipewa ritena ya plastiki angavu ya kuvaa kila usiku. Aliporudi bweni, ritena hiyo ilisahaulika kwenye bwalo la chakula ikiwa imefungwa kwenye karatasi, ikatupwa pamoja na makombo, naye akakaa bila kitu kwa karibu miezi miwili hadi mama alipompigia daktari simu kuomba nyingine.

Modeli ya mwaka mmoja baadaye ilionyesha athari yake. Magego makubwa ya juu yalikuwa yamerudi kutoka 41.5 hadi 40.8, na magego madogo kutoka 42.0 hadi 41.4. Chini hapakuwa na badiliko la kuhesabika: chonge zilikuwa 25.9, waya uliobandikwa ukiwa mahali pake. Kwenye ukingo wa fizi juu umbali ulikuwa 35.4, ambao kwa makosa ya kalipa ni sawa na 35.5. Upana uliopotea ulikuwa wote wa vichwa vya meno vilivyoanza kuinamia tena ndani, na hakuna kilichopotea kwenye mizizi. Zile nusu milimita tulizozidisha ndizo zilizotoa nafasi ya hasara hiyo bila magego ya juu kuangukia tena ndani, kwa sababu ncha bado zilikuwa zimekaa mabondeni na meno ya chini yanazizuia zisiende mbali.

Mama aliuliza kama magego ya mwisho yakianza kuota yatayasukuma meno yarudi kupandana, na kama yang'olewe mapema. Nilimweleza kwamba ushahidi haumtii hatiani gego la mwisho kwa kosa hilo, kwani meno ya mbele ya chini hupandana kwa umri hata kwa watu wasio na magego hayo, na kwamba yatapigwa picha ya eksirei atakapofika miaka 18 ili yaamuliwe kwa hali yake yenyewe. Ritena mpya imetengenezwa pamoja na ya akiba inayokaa nyumbani kwa mama, waya wa chini utaendelea kubaki mahali pake na kukaguliwa kila anapokuja likizo, na modeli inayofuata itapimwa atakapokuwa kidato cha nne.